Maswali ya Wasomaji: Roboti ya Kwanza ya Klabu Yenu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa klabu za sekondari zinazojiandaa kwa mara ya kwanza kushiriki mashindano ya sumo ndogo ya roboti. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuyaona, roboti mbili zinazojiendesha zenyewe, bila rimoti, huwekwa juu ya uwanja mweusi wa duara wenye kipenyo cha sentimita 77 na ukingo mweupe wenye upana wa sentimita 2.5, na ile itakayoisukuma nyingine nje ya uwanja ndiyo mshindi. Kila roboti hairuhusiwi kuzidi gramu 500, wala upana na urefu wa sentimita 10 kwa 10 inapowekwa uwanjani, ingawa kimo hakina kikomo. Mchezo ulianzia Japani, na umeenea kwa sababu gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mashindano mengine ya roboti. Barua tumezifupisha.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia na mlezi wa klabu yenye wanafunzi 14. Hatuna karakana, na fedha walizochanga wazazi hazitoshi kununua kifaa kimoja mara mbili. Wanafunzi wamechora roboti yenye magurudumu manne, koleo linaloinuliwa na mota yake lenyewe, na vihisi sita. Mashindano ni baada ya miezi mitatu. Tuanzie wapi, na fedha zitangulie wapi? — Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, hongera kwa kuibeba kazi ambayo haimo katika ratiba ya vipindi. Mchoro wa wanafunzi utunzeni, kwa kuwa una fikra nzuri, lakini msiujenge mwaka huu. Klabu changa huangushwa na wingi wa vitu ambavyo vimekamilika usiku wa kuamkia mashindano bila hata kimoja kupata muda wa kujaribiwa. Wekeni lengo kwamba kabla ya mwezi wa kwanza kwisha roboti yenu iwe inakwenda mbele, inautambua mstari mweupe na inarudi nyuma yenyewe. Miezi miwili itakayobaki iwe ya kuijaribu na kuirekebisha.

Kabla hamjanunua mota, tengenezeni uwanja. Mwombeni seremala akate duara la plaiwudi lenye kipenyo cha sentimita 77, mlipake rangi nyeusi isiyong'aa, mwache ukingo wa sentimita 2.5 wa rangi nyeupe, kisha mliinue kwa vipande vya mbao ili liwe juu ya sakafu kwa sentimita 2.5 kama ulivyo uwanja wa mashindano. Klabu inayojaribu roboti juu ya meza ya darasa na mstari wa karatasi hugundua mambo mengi siku ya mashindano, wakati hakuna tena nafasi ya kuyarekebisha.

Sasa tuje kwenye mota na magurudumu, ambako ningependa wanafunzi wako wachukue kalamu. Nguvu ya kusukuma haizidi msuguano kati ya tairi na uwanja, hata mota iwe kubwa namna gani. Tuchukulie kwamba mpira wa tairi ni laini na safi, na kwamba kizio cha msuguano, yaani uwiano wa nguvu ya msuguano kwa uzito, ni 1. Basi roboti ya gramu 500 yenye magurudumu mawili inaweza kusukuma kwa nguvu sawa na uzito wake wote, yaani kila gurudumu libebe gramu 250. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 32 lina nusu kipenyo cha sentimita 1.6, kwa hiyo kila mota inahitaji msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa gramu 250 mara 1.6, ambao ni takribani kilogramu-sentimita 0.4. Mkitumia gurudumu la milimita 65, lile linalouzwa pamoja na mota za njano za plastiki, hitaji hilo linapanda hadi zaidi ya 0.8, na hapo mota ya njano hukwama mahali ambapo ingepaswa kusukuma. Mota hizo za njano pia ni kubwa: zikiwekwa mbili ubavu kwa ubavu pamoja na magurudumu yake, sentimita 10 zinakaribia kwisha. Ndiyo sababu nawashauri mnunue mota ndogo za aina ya N20 zenye giaboksi ya chuma na mzunguko wa karibu 300 kwa dakika, pamoja na magurudumu madogo yenye mpira. Kwa kipenyo cha milimita 32, roboti itakwenda takribani sentimita 50 kwa sekunde, mwendo unaoitosha kuvuka uwanja kwa sekunde moja na nusu.

Kutokana na hesabu hiyo mpangilio wa fedha unajionyesha wenyewe. Fedha ya kwanza iende kwenye mota na magurudumu, ya pili kwenye betri na chaja yake, ya tatu kwenye bodi ya kuendeshea mota, na ya nne kwenye bodi ya Arduino, ile kompyuta ndogo inayobeba programu ya roboti, ambayo mara nyingi inawezekana kuiazima. Vihisi vya mstari, vile vinavyoutambua ukingo mweupe, ni vya bei rahisi, na viwili vinatosha, kimoja kila pembe ya mbele, vikitazama chini kwa umbali wa milimita chache. Fremu isiwagharimu kitu: plaiwudi nyembamba au mabaki ya plastiki ngumu kutoka kwa watengenezaji wa mabango yanafaa kabisa, na msumeno mdogo wa chuma pamoja na tupa vitawatosha badala ya karakana.

Koleo la kuinuka liacheni. Mahali pake wekeni bamba la chuma chembamba lililoinama, ambalo ukingo wake wa chini unakaribia kugusa uwanja bila kuukwaruza. Bamba hilo likiingia chini ya mpinzani hubeba sehemu ya uzito wake, kwa hiyo magurudumu yake hupoteza msuguano wakati yenu yanaongezewa. Halina mota, halitumii betri, na haliwezi kuharibika katikati ya pambano. Baada ya hapo pimeni roboti kwa mizani ya jikoni, na kama mna gramu 420, ongezeni nati za chuma juu ya mhimili wa magurudumu hadi mkaribie gramu 490. Uzito mliouacha bila kuutumia ni nguvu ya kusukuma mliyompa mpinzani.

Njia hii ya kuanza na roboti rahisi haikubuniwa kwa ajili ya maskini peke yao. Katika mashindano ya FIRST ya Marekani, ambayo taasisi yake ilianzishwa na Dean Kamen mwaka 1989 na ambako roboti za wanafunzi wa sekondari huweza kufikia uzito wa kilo 50, timu ya Robonauts ya Texas, iliyo miongoni mwa timu zenye uwezo mkubwa, hubuni na kuwagawia wengine mchoro wa roboti rahisi waliyoiita Everybot. Huichagulia kazi chache tu za mchezo wa msimu huo, hutumia vifaa vya bei nafuu na zana za kawaida, na huijaribu wenyewe kabla ya kuwapa wenzao. Timu nyingi changa zilizoufuata mchoro huo zimejikuta zikishindana vizuri na timu zenye mitambo migumu zaidi, na mimi sishangai.

*Shikamoo. Roboti yetu ikiinuliwa juu magurudumu yanazunguka vizuri, lakini tukiiweka chini inajizima na kuanza upya kila inapotaka kuondoka. Tumebadilisha Arduino na programu mara kadhaa bila mafanikio. Tunatumia betri ya mraba ya volti 9. — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Arduino yenu haina kosa, na programu pia ninaamini haina. Kosa ni ile betri.

Mota iliyosimama, kwa ule muda mfupi kabla haijaanza kuzunguka, hunywa umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine. Gurudumu likiwa hewani muda huo hupita haraka mno hata bodi haihisi. Likiwa chini na limebeba uzito, muda unarefuka na mota mbili kwa pamoja zinaweza kudai zaidi ya ampea moja. Betri ya mraba ya volti 9 imetengenezwa kwa ajili ya vifaa vinavyotumia umeme kidogo, kama kengele ya moshi, na ukinzani wake wa ndani ni mkubwa. Ikidaiwa umeme wa namna hiyo, volti zake zinaweza kuporomoka hadi chini ya 6, wakati Arduino Uno inataka angalau volti 7 katika tundu lake la umeme ili itengeneze volti 5 zilizo thabiti. Zisipotosha, bodi hujizima, mota husimama, mzigo unaondoka, volti zinapanda, bodi inawaka tena, na mzunguko unaanza upya. Hicho ndicho mnachokiona.

Hakikisheni wenyewe msichukue maneno yangu tu. Azimeni mita kwa fundi redio, iwekeni kwenye kipimo cha volti, mwenzenu ashike ncha zake juu ya betri, kisha washeni roboti huku mkiyazuia magurudumu kwa mkono kwa muda mfupi sana. Mtaona namba ikishuka mbele ya macho yenu.

Dawa yake ni betri sita ndogo za AA zinazochajiwa, aina ya NiMH, zikiungwa mfululizo kupata volti 7.2. Zina uzito wa takribani gramu 160, na katika sumo uzito huo si hasara, kwa sababu mnauhitaji. Wapo watakaowashauri mtumie seli za lithiamu aina ya 18650 zilizotolewa kwenye betri za kompyuta za zamani. Ni kweli zina nguvu, lakini zikigusana ncha zake au zikitobolewa zinaweza kuwaka moto, hazipaswi kushuka chini ya volti 3 kwa kila seli, na zinahitaji chaja yake maalumu. Kwa klabu ya mwaka wa kwanza isiyokuwa na mtu mzima anayezijua vizuri, nasema hapana.

Mkiwa mmeshika roboti mkononi, tazameni mambo mengine matatu. La kwanza, waya hasi wa betri, wa Arduino na wa bodi ya mota lazima vyote viungane mahali pamoja, la sivyo amri hazifiki ipasavyo. La pili, ungeni kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kati ya ncha mbili za kila mota ili kupunguza kelele ya umeme inayovuruga bodi. La tatu, kama bodi yenu ya mota ni ile ya L298N yenye kipoza joto kikubwa cheusi, fahamuni kwamba inakula takribani volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Inafanya kazi, lakini bodi ya TB6612FNG ni ndogo, haipotezi kiasi hicho, na kila njia yake inahimili ampea 1.2 mfululizo; kwa hiyo ikiwa hamjanunua bado, nunueni hiyo.

*Assalaam alaikum. Mimi ni fundi redio na simu. Shule anayosoma binti yangu imeniomba nisaidie klabu ya roboti. Vijana ni wazuri ila wanaunga nyaya vibaya, nami mkono unaniwasha kuwafanyia mwenyewe. Nisaidie hadi wapi? — Fundi, Mombasa*

Waalaikum salaam, fundi. Shule hiyo imepata bahati, na natamani kila klabu ingekuwa na mtu wa kazi yako, kwa sababu ujuzi ulio mezani pako ndio hasa unaokosekana shuleni: kuunga waya kwa risasi, kutafuta mahali umeme ulipokatika, kujua kifaa gani kinatolewa katika printa mbovu.

Mpaka ninaoupendekeza ni huu: kila kiungo kitakachokuwa ndani ya roboti kiwe kimeungwa na mkono wa mwanafunzi. Wewe onyesha kwa waya na bodi ya mazoezi, kisha weka chuma cha kulehemia chini. Wafundishe kwanza kulipasha joto lile jicho la bodi pamoja na waya kwa wakati mmoja, ndipo waguse risasi kwenye kiungo, wala siyo kuiyeyusha kwenye ncha ya chuma na kuipaka kama gundi. Kiungo kizuri kinang'aa na kimeshuka pande zote; kilichojikunja kama tone la mviringo hakijashika. Mwanafunzi akishakiona kwa kioo cha kukuzia, hatasahau. Na nyaya zile za kuchomeka zisiachwe ndani ya roboti itakayogongwa. Kwa roboti za sumo hizo ndizo chanzo cha hitilafu nyingi kuliko kitu kingine ninachokijua. Ziungwe kwa risasi, na zikishindikana zifungwe kwa gundi ya moto na kamba ya plastiki.

Hata siku roboti ikikataa uwanjani, usiingize mkono. Uliza maswali ambayo wewe mwenyewe ungejiuliza: umeme unafika kwenye bodi? Unatoka kwenye bodi kwenda kwenye mota? Waache wapime.

Kuna jambo jingine, nalisema kwa kuwa umemtaja binti yako. Katika klabu nyingi wasichana hupewa kazi ya kuandika daftari na kupaka roboti rangi, huku wavulana wakishika bisibisi na kompyuta. Wewe una heshima ya fundi mbele ya vijana hao, na ukipanga zamu za kulehemu, za kupima na za kuandika programu ili kila mmoja azipitie zote, hakuna atakayekupinga. Tafadhali fanya hivyo tangu siku ya kwanza, kabla kila mtu hajazoea kiti chake.

*Tumepata mfadhili anayetaka kutununulia roboti kamili iliyotengenezwa tayari. Je, tukubali? — Mlezi wa klabu, Nakuru*

Mlezi, kwanza someni kanuni za waandaaji wenu, kwa maana yapo mashindano yanayozuia roboti za kununuliwa zikiwa tayari. Kama zinaruhusiwa, mweleze mfadhili kwa heshima kwamba fedha hiyo hiyo ingewapa mota za akiba, betri na chaja, mita, vyuma viwili vya kulehemia na mbao za uwanja, vitu vitakavyobaki shuleni na kuhudumia timu za miaka inayofuata. Vingi vinapatikana Luthuli Avenue jijini Nairobi, kama ambavyo wenzenu wa Dar es Salaam huvitafuta Kariakoo. Mfadhili akishikilia msimamo wake, pokeeni, kisha waacheni wanafunzi waifungue yote na kuiunda upya.

*Roboti yetu inauona mstari mweupe, tumeshathibitisha kwa kompyuta. Lakini kwenye pambano inaupita na kuanguka, hasa inapokuwa haimwoni mpinzani. Tumeongeza vihisi vya mstari vikawa vinne, bado inaanguka. — Klabu ya roboti, Arusha*

Vijana wangu, rudini kwenye vihisi viwili. Tatizo liko katika muda, na jibu limo ndani ya maneno yenu mliposema "hasa inapokuwa haimwoni mpinzani."

Mstari una upana wa sentimita 2.5. Kama roboti inakwenda sentimita 50 kwa sekunde, kihisi kinakuwa juu ya mstari kwa sehemu ya ishirini tu ya sekunde, yaani milisekunde 50. Programu isipokitazama kihisi ndani ya muda huo, kwa roboti ni sawa na mstari haupo. Mmeniambia katika barua yenu ndefu kwamba mnamtafuta mpinzani kwa kihisi cha sauti cha HC-SR04 na amri ya pulseIn. Amri hiyo husubiri mwangwi urudi, na msipoipa kikomo inaweza kusubiri hadi sekunde nzima moja. Mpinzani akiwa mbele, mwangwi hurudi upesi na kila kitu kinaonekana sawa. Asipokuwepo, programu inakaa ikisubiri huku mota zikiendelea kuzunguka, na roboti inakwenda bila kuutazama mstari hata kidogo.

Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi umbali wa sentimita 80, ambao unazidi kipenyo cha uwanja, huchukua chini ya milisekunde 5. Wekeni kikomo cha mikrosekunde 5,000 katika amri hiyo. Kisha someni vihisi vya mstari kabla na baada ya kila kipimo cha sauti, na mstari ukionekana, amri ya kurudi nyuma ishinde amri nyingine yoyote, hata kama mpinzani yuko mbele ya macho.

Kagueni pia kila mahali mlipotumia amri ya delay, ile inayoisimamisha programu kwa muda. Wakati wa delay roboti haisomi kihisi chochote. Inakubalika katika zile sekunde 5 za kungoja kabla ya pambano kuanza, kwa kuwa mota zimesimama. Inakubalika kwa shida wakati wa kurudi nyuma kutoka kwenye mstari, mradi iwe fupi, kwa sababu roboti inaelekea katikati ya uwanja. Kwingineko kote iondoeni, na badala yake tumieni saa ya ndani ya Arduino kwa amri ya millis, ambayo inawapa muda uliopita bila kuisimamisha programu.

Mkimaliza, punguzeni kasi ya mota hadi nusu na muiache roboti peke yake uwanjani, bila mpinzani, kwa dakika tano. Isipoanguka hata mara moja, ongezeni kasi kidogo na mrudie. Mwendo wa juu kabisa ambao inaumudu bila kuanguka ndio mwendo wa kwenda nao kwenye mashindano.